Roboti na Skrubu za Mgongo: Kumbukumbu za Mtaalamu wa Mionzi

Roboti ya upasuaji wa uti wa mgongo haikati ngozi, haitoboi mfupa wala haikazi skrubu. Kazi yake ni kupeleka mkono wa chuma mahali palipopangwa, kuelekeza bomba fupi kwenye pembe iliyopangwa, kisha kutulia hapo bila kutikisika wakati daktari anapitisha keekee ndani ya bomba hilo. Roboti zilizoenea kwenye upasuaji wa mgongo ni za namna hiyo. Si kama roboti ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ambayo vyombo vyake hufuata mienendo ya mikono ya daktari aliyeketi pembeni. Tofauti hiyo husahaulika mara nyingi katika mazungumzo yaliyopamba moto Afrika Mashariki tangu mwaka 2023, kilipofunguliwa Kigali kituo cha IRCAD Africa, tawi la taasisi ya Strasbourg nchini Ufaransa inayofundisha upasuaji wa matundu madogo. Hospitali kubwa zinaulizana lini zitapata roboti, na wagonjwa wanauliza kama itawatibu bila daktari. Maswali hayo yamemrudisha mwandishi wa makala haya, mtaalamu wa mionzi, kwenye miaka aliyofanya kazi katika vyumba vya upasuaji vya Tanzania na baadaye vya Ujerumani, akiendesha eksirei hatua chache kutoka mgongo uliofunguliwa.

Ugumu wa kazi yenyewe unatokana na umbo la mfupa. Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana nyuma ya nyonga na 4 ndogo za kifandugu. Kila pingili ina mwili mnene upande wa mbele na upinde wa mfupa upande wa nyuma, na kati yake tundu. Matundu hayo yakipangana hufanya mfereji ambamo hupita ugwe wa neva unaotoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mfereji hubeba fungu la neva za miguu, kibofu na haja kubwa. Mwili wa pingili na upinde wake vimeungwa na madaraja mawili mafupi ya mfupa, moja kulia na jingine kushoto. Skrubu inayoingizwa kutoka nyuma ili kushikilia pingili iliyovunjika au kuteleza hupitia humo. Katikati ya kifua daraja hilo linaweza kuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Chini ya kiuno huzidi milimita 10. Skrubu ikitoboa ukuta wa ndani inagusa ugwe au neva. Ikitoboa chini inagusa shina la neva linalotoka pembeni. Ikipitiliza mbele inakaribia mishipa mikubwa ya damu. Ndiyo maana tangu mwaka 1990 madaktari hupima usahihi kwa kipimo cha Gertzbein na Robbins: daraja A ni skrubu iliyo ndani ya mfupa kikamilifu, B imetoka kwa chini ya milimita 2, na kuendelea hadi E, iliyotoka kwa zaidi ya milimita 6.

Skrubu hizi hazikuwepo daima. Katika miaka ya 1950 na 1960 Paul Harrington, akiwa Houston, alinyoosha migongo ya watoto waliopindishwa na polio kwa fito za chuma zenye kulabu. Mfaransa Raymond Roy-Camille ndiye aliyeanza, mwaka 1963, kupitisha skrubu kwenye yale madaraja ya mfupa na kuziunganisha kwa bamba. Njia yake ilishika duniani kote kwa sababu pingili iliyoshikwa hivyo haichezi. Ilihitaji, hata hivyo, chale ndefu, na misuli ibanduliwe kutoka kwenye mfupa pande zote mbili ili daktari aone alama za mahali pa kuingilia.

Hivyo ndivyo upasuaji ulivyokuwa katika hospitali ya rufaa ya Tanzania ambako mwandishi alianzia kazi. Kijana mmoja aliletwa akiwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, pingili ya mwisho ya kifua imesagika, miguu ikiwa na nguvu kidogo. Alikaa wodini muda mrefu, kwa kuwa vyuma vilipaswa kununuliwa na ndugu walikuwa bado wanachanga. Siku ya upasuaji ilipofika, daktari alifungua mgongo, akapapasa mfupa kwa kidole, akaingiza kichokoo taratibu huku akisikiliza jinsi mfupa wa ndani ulivyo laini na ukuta wake ulivyo mgumu. Picha aliomba chache tu, kuthibitisha kile ambacho mkono wake ulikwisha kujua. Skrubu zilikaa vizuri. Nguvu za miguu hazikurudi kama ambavyo zingerudi labda kama angepasuliwa mapema, na hapo hapakuwa na kosa la milimita hata moja. Ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu ndivyo vyanzo vikuu vya majeraha ya mgongo yanayofika katika hospitali za Tanzania, na tafiti zilizofanywa katika hospitali ya Muhimbili zimeonyesha kwamba kuchelewa kufika mezani ni tatizo kubwa mno. Usahihi wa skrubu huanza kuwa na maana mgonjwa akishafika kwenye meza hiyo.

Mwaka 1997 Kevin Foley na Maurice Smith, huko Marekani, walieleza namna ya kutoa diski iliyotokeza kati ya pingili kwa kupitia bomba jembamba linalotenganisha nyuzi za misuli badala ya kuzikata. Miaka michache baadaye skrubu nazo zikaanza kupitishwa kwenye vitundu vya ngozi. Damu inayopotea ilipungua, misuli ikabaki na uhai wake, mgonjwa akasimama mapema. Lakini daktari alipoteza macho. Ule mfupa aliozoea kuuona na kuupapasa sasa ulikuwa chini ya ngozi, na kitu pekee kilichomwonyesha keekee imefika wapi kilikuwa eksirei.

Mwandishi aliyaona mabadiliko hayo pale madaktari wageni walipokuja kufundisha njia ya matundu madogo. Mashine ya eksirei yenye mkono wa nusu duara, ambayo wahudumu huiita siamu, iliyokuwa ikisubiri ukutani, iliingia katikati ya kazi na haikutoka. Picha ya mbele, picha ya ubavu, waya umesogea kidogo, picha tena. Sauti ya "piga" ilisikika kila baada ya sekunde chache. Muuguzi mkongwe aliyekuwa akishika vyombo aliuliza wakati wa mapumziko kama aproni yake yenye madini ya risasi inatosha. Jibu la kweli lilikuwa refu. Miale inayomfikia mhudumu hutoka hasa kwenye mwili wa mgonjwa, ambako hutawanyika, na hutawanyika kwa wingi zaidi upande ule miale inakoingilia. Kusogea nyuma hatua moja au mbili hupunguza dozi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa maana umbali ukiongezeka maradufu nguvu ya miale hushuka hadi karibu robo. Macho, mikono na tezi ya shingo havifunikwi na aproni ya kawaida. Viwango vya kimataifa vinamruhusu mfanyakazi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na tangu mwaka 2011 lenzi ya jicho imepewa kikomo hichohicho. Tangu siku hiyo muuguzi yule alibadili upande wa kusimama, na wenzake wakamfuata. Somo lililobaki ni kwamba faida ya mgonjwa katika upasuaji wa matundu madogo ilikuwa ikilipiwa na miili ya wanaomhudumia, siku baada ya siku, kwa kitu wasichokiona. Wengi husifu roboti kwa usahihi wake; kwa aliyewahi kusimama pale, nafuu ya mionzi ni hoja yenye uzito uleule.

Miongoni mwa mara za kwanza roboti kuingia chumba cha upasuaji ni mwaka 1985 huko California, pale mkono wa kiwandani uitwao PUMA ulipotumiwa kuelekeza sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe wa ubongo. Kwenye mgongo, chanzo ni Haifa, Israeli. Profesa Moshe Shoham wa chuo cha Technion alishiriki kuanzisha kampuni ya Mazor mwaka 2001, na mwaka 2004 kifaa chao cha SpineAssist kiliidhinishwa Marekani. Kilikuwa kidogo ajabu: chenye miguu sita inayorefuka na kufupika, uzito wake takriban gramu 250, kikifungwa moja kwa moja kwenye mfupa wa mgonjwa. Wazo la wabunifu lilikuwa la busara. Mgonjwa anapumua, na mgongo unapanda na kushuka pamoja na pumzi. Kifaa kilichofungwa kwenye mfupa hupanda na kushuka nao. Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kukitumia na kukichunguza.

Mwandishi alipohamia hospitali moja ya Ujerumani, alichokutana nacho kwanza hakikuwa roboti yenyewe. Kilikuwa kompyuta katika chumba kidogo, jioni, kabla ya siku ya upasuaji. Picha za CT za mgonjwa, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, zilifunguliwa pingili kwa pingili, na daktari akachora kila skrubu mahali pake: inaingilia wapi, inaelekea wapi, urefu gani, unene gani. Jioni moja alisimama kwenye pingili ya kifua ambayo daraja lake la kushoto lilikuwa jembamba kuliko skrubu yoyote iliyokuwapo ghalani. Aliliruka, akaongeza pingili moja juu, akaandika vyombo vipya vya kuandaliwa. Katika njia ya zamani jambo hilo lingegunduliwa mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, mgongo uko wazi. Huenda sehemu kubwa ya sifa inayopewa roboti inastahili kwenda kwenye jioni za namna hiyo, na kupanga skrubu kwenye picha za CT kunawezekana hata pasipo roboti.

Asubuhi yake mpango hulinganishwa na mwili. Pini hukazwa kwenye mfupa wa nyonga au kibanio kwenye mwiba wa pingili, roboti hufungwa kwenye kitanda na kuunganishwa na pini hiyo, kisha hupigwa picha mbili za eksirei kutoka pembe mbili, kukiwa na alama ambazo programu inazitambua. Programu huchukua pingili moja moja kwenye picha hizo na kuilinganisha na pingili ileile kwenye CT ya awali, kwa sababu mgongo uliopigwa picha mgonjwa akiwa chali haukai vilevile anapolala kifudifudi. Hospitali nyingine hupiga CT mpya papo hapo mezani. Kwa mtaalamu wa mionzi, hapa ndipo kazi inapogeuka. Picha zinapopigwa, kila mtu anayeweza kutoka hutoka nyuma ya ukuta wa kinga. Baada ya hapo mkono wa roboti husogea, hutulia, daktari hukata ngozi kidogo, husukuma bomba hadi mfupani na kutoboa, na siamu husubiri kando ikiitwa mara chache kuhakiki. Chumba kilichokuwa kikijaa sauti ya "piga" kilinyamaza.

Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani walichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Wagonjwa 60 waligawanywa kwa kura: nusu waliwekewa skrubu kwa msaada wa SpineAssist, nusu kwa mkono wa kawaida ukisaidiwa na eksirei. Skrubu zilizokaa vizuri, yaani daraja A au B, zilikuwa asilimia 93 kwa mkono na 85 kwa roboti. Namna roboti ilivyofungwa kwa mgonjwa ilitajwa kuwa chanzo kimojawapo. Kingine ni kuteleza kwa bomba juu ya mfupa. Mahali pa kuingilia pingili ya kiuno pana mteremko. Bomba likiegemezwa kwenye mteremko huo, au misuli minene ikilisukuma kutoka pembeni, ncha huteleza kwenda nje kwa milimita chache, nayo roboti haijui: inaendelea kushikilia mstari ambao haupo tena ndani ya mfupa.

Jambo hilo mwandishi alilishuhudia. Mgonjwa alikuwa mtu mnene, skrubu za upande wa kulia zimekwisha kuingia bila tatizo. Upande wa kushoto, keekee ilipoingia, daktari alisimama katikati ya tendo. Kwenye skrini mpango ulikuwa sawa, mkono wa roboti ulikuwa mahali pake, hakuna taa ya onyo. Mkononi, hata hivyo, mfupa haukuwa na ile hali anayoijua. Aliomba picha, ncha ilikuwa pembeni mwa daraja. Aliagiza roboti isogezwe, akachukua kichokoo cha kawaida, na skrubu zilizobaki akaziweka kwa eksirei kama alivyofunzwa ujanani. Mgonjwa aliamka salama. Wanafunzi wawili waliokuwa chumbani walikuwa wameanza mafunzo yao roboti ikiwa tayari ipo, na mmoja wao aliuliza mfupa unatakiwa uhisiweje. Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ujuzi uliomwokoa mgonjwa yule ulipatikana kwa miaka ya kufanya kazi bila kifaa, na hospitali inayonunua roboti inalazimika kuamua mapema wanafunzi wake watajifunzia wapi kuhisi mfupa.

Vizazi vilivyofuata vilirekebisha mengi. Mazor X ilitoka mwaka 2016 na mkono wake mkubwa zaidi. ROSA ya Wafaransa iliidhinishwa Marekani kwa mgongo mwaka huohuo. ExcelsiusGPS ilifuata mwaka 2017. Mwaka 2018 kampuni ya Medtronic iliinunua Mazor kwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Mashine mpya huunganisha mkono wa roboti na kamera inayofuatilia vyombo, hivyo daktari huiona ncha ikisonga ndani ya picha ya CT. Keekee zinazozunguka kasi na mabomba yenye meno ya kushika mfupa yamepunguza kuteleza. Tafiti nyingi za mashine hizi zinaripoti skrubu zilizokaa vizuri kwa zaidi ya asilimia 95, na mionzi kwa wahudumu imepungua. Kamera nayo imeleta udhaifu wake: mtu akisimama katikati, ufuatiliaji hukatika; kiwiko kikigonga fremu ya alama iliyofungwa kwenye mfupa, picha yote husogea na mwili hubaki ulipo. Dawa yake ni ya kawaida kabisa. Kila baada ya muda daktari hugusa sehemu ya mfupa inayojulikana na kuangalia kama skrini inakubaliana naye.

Kile ambacho roboti haikukibadilisha sana ni maumivu ya mgonjwa miezi na miaka baadaye. Skrubu iliyonyooka haimsaidii mtu ambaye hakuhitaji skrubu. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiishi Ujerumani alilazwa kwa ajili ya pingili ya kiuno iliyoteleza, na mwandishi aliitwa kumtafsiria Kiswahili.

"Mwanangu," aliuliza, "hiyo mashine ndiyo itanipasua?"

"Hapana, Mama. Inashika njia tu. Daktari ndiye anayetoboa."

"Na umeme ukikatika?"

Daktari alipotafsiriwa swali hilo alijibu bila kusita kwamba ataendelea kwa mikono yake. Ndipo mama akauliza lililomleta: baada ya upasuaji atapiga magoti kanisani? Hapo daktari alivuta kiti, na mazungumzo yakachukua muda mrefu kuliko maelezo yote ya roboti. Alimweleza ganzi ya mguu ina nafasi nzuri ya kupungua, maumivu ya kiuno yenyewe hayana uhakika huo, na kupiga magoti kutategemea pia magoti yake. Mama alikubali kupasuliwa akijua anachokubali. Katika hospitali zenye roboti kishawishi cha kuanza na mashine ni kikubwa, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wagonjwa, na mahojiano ya namna hii huweza kubanwa hadi yakabaki sahihi kwenye karatasi.

Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, hupasua migongo kwa wingi, na kwa miaka mingi imeshirikiana na madaktari wa Weill Cornell wa New York katika mafunzo ya ubongo na uti wa mgongo. Bei ya roboti ya mgongo, hata hivyo, huanzia mamia ya maelfu ya dola na hupita milioni moja, na juu yake kuna mkataba wa matengenezo wa kila mwaka na vifaa vya kutumia mara moja kwa kila mgonjwa. Mwandishi aliporudi likizo na kutembelea hospitali mojawapo ya ukanda huu, alikuta siamu imefunikwa shuka. Ilikuwa ikisubiri kipuri kutoka nje. Wagonjwa wa mgongo walikuwa wakisubiri pamoja nayo, na madaktari wenye uwezo wa kuwapasua walikuwepo. Roboti ingefika katika chumba kile ingekaa vilevile, kwa kuwa bila siamu au CT ya mezani haiwezi hata kujua mgonjwa amelalaje.

Kwa hiyo mpangilio una uzito. CT inayofanya kazi usiku na mchana, siamu mbili ili moja ikiharibika kazi isisimame, skrubu na fito zilizopo ghalani kabla ndugu hawajachanga, beji za kupima mionzi zinazosomwa kweli, na mafundi wa vifaa tiba walioajiriwa na hospitali yenyewe: hivi vingemfaa kijana yule wa mnazi, na bila hivi roboti haifanyi kazi. Hospitali iliyokwisha kuvipata, yenye wagonjwa wengi wa skrubu kila wiki, ina sababu nzuri za kununua roboti, na ya kwanza kati yake iwe afya ya wahudumu wake.

Linabaki suala la umbali, ambalo kwa eneo lenye madaktari bingwa wachache lina mvuto wa kweli. Septemba 2001 Jacques Marescaux, mwanzilishi wa IRCAD, akiwa New York, alitoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg kwa kuongoza roboti kutoka mbali. Mwaka 2019 madaktari wa hospitali ya Jishuitan mjini Beijing waliongoza kwa mtandao wa 5G roboti za TiRobot zilizokuwa zikiweka skrubu za mgongo katika miji mingine ya China. Kwenye upasuaji huo wa China, kila mgonjwa alikuwa na timu kamili kando yake. Mpango wa skrubu unaweza kuchorwa Dar es Salaam na kutumwa Mbeya au Bukavu jioni hiyohiyo, na hilo linahitaji CT na mtandao wa kawaida tu. Kuongoza mkono wa roboti kutoka mbali kunahitaji zaidi: mtandao usiokatika, umeme wa akiba, na upande wa mgonjwa daktari anayeweza kuisogeza mashine kando, kushika kichokoo na kumaliza skrubu zilizobaki.